Washa

Kopo la maziwa lilikaa chini ya injini miaka kumi na mmoja.
Kila asubuhi mama alilitoa, akamimina kwenye shina la mpapai,
mpapai ukafa, akahamia kwenye mchwa wa uzio.
"Honda ya babako," akisema, "kikojozi."

Wete, Jumapili, mvua inakuja na kurudi.
Nimetandika gunia kwenye banda la nyuma,
nimefungua nati nne za kofia.
Hedi ikagoma. Nikaigonga kwa kipini cha jembe,
upande huu, upande ule, kama mtu anayemwamsha mgeni,
mpaka ikaachia.

Chini ya silinda, gasketi si ya dukani.
Ni jalada la daftari la chanjo.
Baba alikuwa bwana afya: Konde, Tumbe, Micheweni,
sanduku la barafu limefungwa kwa mpira nyuma ya kiti.
Karatasi imeshakuwa nyeusi, ila pembeni mwandiko wake umebaki:
*…ti Faki, miezi tisa, surua.*
Mwanzo wa jina umeliwa na tundu la stadi.

Gasketi haivaliwi mara mbili.
Nilitaka kuliokoa lile jina, likatoka unga,
wembe ukilala chali, maana aluminiamu
haisamehi mkwaruzo.

Kisha kioo cha kabati, msasa juu yake, mafuta ya taa,
uso wa hedi unazunguka, namba nane, namba nane,
hadi kijivu kiwe kimoja.

Hapo ndipo nikaona.
Stadi nne, lakini mafuta hupanda na moja tu,
ile ya kulia, mbele.
Hiyo ndiyo yake washa ya shaba,
laini, ibanwe ijae. Nyingine zinatosha chuma.
Baba aliiweka kushoto.

Naukumbuka usiku wenyewe. Umeme hakuna,
kandili mkononi mwangu, usingizi kichwani,
mwanga ukilalia upande mmoja.
"Shika vyema, Raya."
Nilikuwa na miaka tisa.
Nilidhani nimeshika.

Naipasha shaba kwenye mkaa
mpaka iwe nyekundu kama koti la kungumanga,
naitosa majini: *tss*. Imelainika.
Naivisha stadi yake.

Ringi, midomo yake isielekeane.
Pistoni inaingia kama mkono kwenye kanzu mpya.
Alama ya cheni kwa alama.
Oringi mbili kutoka kwa Mselem wa Chake,
aliyeniuzia kwa bei ya pete.
Silikoni sitaki. Khatoro wa sokoni huipaka kama siagi,
ikavimba ndani, ikafunga mshipa,
na injini ikafa kavu, safi, haina hata tone nje.

Nati, kwa mshazari. Robo.
Robo.
Mkono unataka kuongeza, nauambia basi.
Robo.

Mama yuko mlangoni, ndoo kiunoni.
"Washa."
Nikaokota moja katika zile kuukuu, nikampa.
Akaitazama, akaijaribu kwenye kidole cha pete.
"Pikipiki, wewe. Washa pikipiki."

Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kikohozi.
Ya tatu kuku wakapanda ukutani,
moshi ukajaa banda, na katikati ya moshi
ile sauti ya saa kumi na moja ya jioni,
ya mtu anayekata kona ya msikiti akirudi kula.
Mama hakusema neno.
Akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Asubuhi nikainama. Ndani ya kopo, tone.
Moyo ukaniruka.
Nikachovya kidole, nikanusa, nikaonja kabisa.

Maji.
Bati la banda linavuja.