Mfereji wa Nje

Nilitaka mfereji mmoja tu,
ukutani, upande wa njia,
kimo cha magoti ya mtu mzima,
kwa mdimu wangu, kwa paka wasio na mwenyewe,
na kwa Shafiqul anayefagia mtaa wetu hapa Ibra
na chupa yake ya maji iliyogeuka chai
kwa jua la Julai.

Fundi Biju akaugonga ukuta kwa kidole,
akautegea sikio kama daktari,
akasema kwa Kiarabu chake cha kuokota:
"Mama, karatasi kwanza."

Karatasi! Ya mfereji!
Kule Wete marehemu baba alitoboa kwa patasi
Ijumaa baada ya chai,
na adhana ilipolia sote tushalowa.

Nikenda ofisini. Binti mmoja, Shinuna,
hina ya harusi ya mtu bado vidoleni,
akanisomea bila kupumua:
lakiri ya mita haiguswi,
hachimbi mtu kabla ya jibu,
bomba lisipite jirani na shimo la maji machafu,
na hapa, karibu na mdomo, lazima vali,
kilango cha shaba cha njia moja.
"Matumizi?"
Nikaandika: mengineyo.
"Mengineyo gani?"
Thawabu, nikamwambia.
Akacheka, akaandika bustani.

Kilango cha nini? Akanieleza, taratibu sasa,
kama anamweleza bibi yake:
mpira wako umelala kwenye ndoo ya sabuni,
mtaani nguvu ya maji imeanguka,
basi mpira unafyonza,
na sabuni yako inarudi kimya kimya
hadi kwenye gilasi ya jirani.
"Yakishatoka, khala, yasirudi."

Nilicheka. Ndani ya teksi sikucheka.
Maana babu wa babu yangu alitoka mji huu huu,
akamwagikia Pemba,
na sisi nguvu ilipoanguka kule
tukafyonzwa kurudi,
na kila tulichokuwa tumelala ndani yake tukaja nacho:
tui la nazi, misemo, Kiswahili chote hiki
ambacho sokoni kinawageuza watu shingo.
Hakuna aliyetutilia vali.
Sijui kama kuna jirani aliyeonja sabuni.

Walitaka na hati ya nyumba.
Nikafukua sanduku la mkwe wangu,
na chini ya hati nikakuta daftari la falaji,
wino umekuwa rangi ya kahawa:
fulani, nusu athari, usiku wa Jumanne;
fulani kafungua kabla ya zamu yake, kaonywa;
fulani kaomba kupitisha maji shambani kwa mjane,
karuhusiwa, kwa sharti aziba kwa tambara lake mwenyewe.
Kurasa na kurasa za ruhusa.
Nami nilidhani karatasi imezaliwa ofisini.

Siku kumi na moja.
Kisha mkaguzi, kijana mwenye haraka,
akaipindisha vali, akapuliza, akapiga picha,
akabandika kijikaratasi cha kijani.
Biju akafungua:
upepo kwanza, kikohozi,
kutu nyekundu,
halafu maji, ya moto ya kuivisha yai,
halafu, baada ya kusubiri sana, maji.

Alasiri Shafiqul akasimamisha fagio.
Akautazama mfereji, akaitazama karatasi
asiyoweza kuisoma, akanitazama mimi.
"Mama, ruhusa?"

Kiarabu changu kikanikimbia.
"Kunywa," nikasema, "kunywa, baba,"
na akanielewa.
Akanywa, akalowesha kitambaa, akakivaa kichwani,
kisha akaufunga, kwa adabu,
kwa nguvu zake zote,
hata asubuhi ilibidi nimwite Biju aje na koleo.