Ndoo Mbili

Saa tisa usiku nafungua mlango wa gari.
Gari halipo. Liliondoka kwa kamba, likivutwa,
mwaka ule halmashauri ilipowahamishia zimamoto
kwenye jengo jipya la njia ya uwanja wa ndege.
Kengele nayo iliondoka, ila kwa njia nyingine:
iliuzwa kwa kilo, pamoja na bawaba.

Mlango tumeuacha mwekundu.
Ndani nimepaka chokaa mara tatu
na mara tatu ile namba imerudi,
mbili, ndefu kama mtoto wa darasa la kwanza,
ikichungulia nyuma ya magunia ya ngano.

Wateja huniuliza nguzo ya kutelezea iko wapi,
ile waliyoiona kwenye televisheni.
Haikuwapo. Nyumba haina ghorofa.
Wangeteleza kutoka wapi, mawinguni?
Kulikuwa na vitanda sita,
karata zisizo na ree ya shupaza,
na mnara wa kukaushia mipira
ambamo Tereza sasa huanika vitambaa vya kufunikia kinyunga.

Hapa baba yangu, Luhende Masanyiwa,
alikaa macho miaka kumi na tisa
akingoja moto wa watu wengine.
Hata nyumbani mama hakukaanga sato
bila baba kusimama mlangoni na ndoo.
"Dawa ya moto ni moto," jirani akimtania.
Baba: "Aliyesema hivyo hakuwahi kushika mpira."

Ule usiku nao nitausema, kwa kuwa watu bado wanausema.
Vibanda vya mitumba viliwaka kando ya Mirongo.
Gari likafika upesi, likapigiwa vigelegele,
wakafungua bomba,
bomba likakohoa.
Ziwa lote lile, kutoka hapa mpaka Uganda,
liking'aa kwa mwanga wa hasara yetu,
na tangi lilikuwa kavu.
Pampu ya kujazia ilikufa wiki tatu kabla;
barua za kuomba kipuri ninazo, nakala nne, mwandiko wa baba.
Mawe hayakusoma barua. Mwanza haikosi mawe.
Moja lilimpata juu ya jicho.

Hakusimulia. Alivaa kofia mpaka kanisani,
na yeyote aliyemwita Tangi Kavu barabarani
baba alikuwa wa kwanza kumpa mkono.

Kwa hiyo nilipoomba kulipanga jengo hili
mama alinyamaza siku mbili.
Ya tatu akasema, "Unataka kuwasha moto mle?"
Ndiyo, mama. Wa kuni za mkaratusi.
Kila usiku.

Na ndivyo ninavyofanya: maganda makavu, vijiti,
halafu ule mguno tanuri linapovuta pumzi ya kwanza.
Moto huzaa majivu, wanasema, na majivu nayazoa kweli;
lakini huu huzaa pia skonzi mia nne na hamsini
zenye iliki, nyingine zimeungua upande mmoja,
na alfajiri wachuuzi wa dagaa wa Kirumba
wanaugonga mlango mwekundu kwa viganja:
"Mwangaluka, Minza! Zimeiva?"
Noti zao zina magamba.

Ila kabla ya kiberiti kuna jambo
ambalo Tereza amechoka kuniuliza.
Natoka na ndoo mbili hadi bombani.
Maji yakikatika nashuka mpaka ziwani,
gizani, nikipapasa majabali kwa nyayo,
nachota, napanda, namwagikiwa,
naziweka pale gari liliposimama,
penye doa la oili lisilokubali sabuni.
Nangoja maji yatulie.

Ndipo nawasha.