Kilegezi

Kilifika Jumanne, ndani ya kiroba cha sukari,
kipande cha mwamba kirefu kama mwiko,
kimetolewa huko nyuma ya Misungwi, mita mia mbili na kumi chini,
na mtu kakiandika kwa wino mwekundu: HAKIJULIKANI.

Cheupe. Si cheupe cha kung'aa,
ni cheupe cha chokaa iliyonyeshewa, cha ugali uliolala.
Nikakisaga, nikakichekecha, nikailisha mashine,
nikaenda kunywa uji.

Maabara yetu ipo Nyakato, ukuta kwa ukuta na wachomelea mageti.
Miaka tisa nimepima hapo dhahabu za watu,
wengi nikawaambia kwa upole
kwamba walichobeba toka Geita ni mng'aro tu.

Niliporudi karatasi ilikuwa imeshatoka.
Nikaisoma. Nikaisoma tena, kwa sauti.
Bi Kokuhirwa akauliza, "Unasali?"

Orodha ile ninaijua.
Imo katika daftari la hesabu la kaka yangu Luhende,
ukurasa wa kumi na nne,
mwaka ule shule ilipofungwa kwa kipindupindu
naye akachora mpaka kalamu ikakauka:
RADI WA IGOGO,
anayeinua kivuko cha Kamanga kwa mkono mmoja,
ng'ombe na abiria wakiwemo,
anayeruka jiwe hadi jiwe juu ya mapaa yetu
na bati hata moja lisilie.
Hakuna wa kumweza. Ila jiwe moja, Kilegezi:
likimsogelea, magoti yanakuwa mlenda.

Mimi, wa darasa la tatu, nikauliza jiwe hilo limeumbwa na nini.
Luhende hakupenda swali limshinde.
Akazunguka nyumba nzima, akarudi, akaandika:
magadi ya mama,
dawa ya mende,
betri ya saa,
mchanga wa ziwa,
maji kidogo,
na mate ya mamba wa Kome.

Sasa sikiliza mashine.
Sodiamu: hayo ndiyo magadi.
Boroni, ile ile inayoua mende.
Lithiamu, roho ya betri ya saa.
Silika, mchanga. Na maji, kidogo,
yamejificha ndani ya fuwele kama mdaiwa.
Mamba peke yake ndiye hakuonekana.

Nikampigia. Yuko Mabatini, anaandika vibao:
KINYOZI. MAJENEZA HAPA. USIKOJOE, FAINI ELFU HAMSINI.
Kimya. Nikasikia brashi ikidondoka koponi.
"Kijani?" akauliza.
Jeupe.
"Linawaka gizani?"
Ukilimulika kwa taa ya zambarau linageuka waridi,
kama ndani ya mdomo wa paka.
Akacheka hadi akakohoa.
"Basi si lenyewe."

Ila jioni alikuja, rangi kwenye kucha,
daftari ndani ya mfuko wa rambo.
Nikamwambia wakubwa hawalali kwa furaha,
wanasema humo mna nguvu za simu,
nguvu za magari yasiyokunywa mafuta,
na kwamba watarudi Misungwi na mitambo.
"Nguvu?" akasema. "Lile? Lile nililitengeneza la kunyong'onyesha."
Akafikiri.
"Ngoja mitambo ije. Tutaona magoti ya nani."

Tukafungua ukurasa wa kumi na nne.
Jiwe la kijani, limekandamizwa hadi karatasi imetoboka.
Nikamuuliza, baada ya miaka yote hii, kwa nini kijani.
"Penseli ilibaki moja. Nyingine ulizibadilisha kwa karanga, wewe."

Na Radi, kwa kukosa rangi,
alikuwa karatasi ilivyo:
uso mweupe, kifua cheupe,
mweupe hata mkono uliobeba kivuko,
weupe wa chokaa iliyonyeshewa.

Luhende alilamba kidole,
akafuta vumbi lililobaki kwenye mkono wa koti langu,
akalipaka taratibu kifuani mwa Radi,
akainua daftari kwenye taa.
Hakuonekana kubadilika.