Jioni ya Masufuria

Mnyororo ni wa plau.
Baba aliuvua kwa fahali Jumanne,
akausugua kutu kwa mchanga wa ziwa
kana kwamba ukitakata utapungua uzito,
kisha akaufunga kwenye mguu wa kaka yangu Okumbe
na nguzo ya ghala.

Sababu zilikuja zenyewe, kwa miguu.
Zilikaribishwa, zikaketi, zikanywa chai.

Mama mkubwa alileta chira:
Okumbe aliezeka nyumba kabla ya mkubwa wake kuezeka,
na nyasi hazisahau zamu.
Mwalimu Ogweno alileta hesabu:
kichwa ni gunia,
ukilishindilia, mshono huachia.
Jirani alileta bangi,
akiitamka kwa kunong'ona, huku ananusa shati la mgonjwa.
Shangazi wa Asembo hakutaja jina la mtu,
aliutazama tu mlango wa mke wa ami.
Tukachimba kizingiti usiku kucha.
Tukapata kijiko nilichopoteza nikiwa darasa la tatu.
Mchungaji, joho jeupe na kengele mkononi,
akasema ni pepo, pepo ana jina,
na jina lina bei: jogoo na shilingi mia saba.

Nyanya peke yake hakuleta kitu.
Alimtaja dada yake, Abich,
ambaye siku moja alianza kuzungumza na mlango.
Walisema nyawawa walimpitia,
kwamba jioni ile chungu chake hakikupigwa.
Wakamfunga kamba ya katani.
"Na mume wake?" nikauliza.
"Alichukuliwa kubeba mizigo ya vita vya Wazungu.
Hakurudi."
Akaendelea kupeta mtama,
kana kwamba hilo lilikuwa hadithi nyingine.

Kisumu, daktari Nafula alichora ubongo
nyuma ya kadi ya kliniki:
mshale hapa, ukungu pale,
kemikali zinazovuka mto usio na daraja.
"Kwa nini yeye, si mimi?"
Akafunga kalamu.
"Sijui. Hapo bado hatujafika."
Wiki sita za sababu,
na huyo ndiye wa kwanza kusema hajui.
Nililia kwenye ngazi za hospitali, sikujua kwa nini.

Tulirudi na vidonge.
Mnyororo ukabaki pia.
"Mpaka dawa ishike," alisema Baba.

Kisha ikaja jioni ile.
Upepo ulipanda kutoka ziwani, upande wa Seme wote,
na ndani ya upepo, watu walisema, sauti:
waliozama, waliosahaulika, wasiozikwa kwao,
wakipita juu ya mapaa wakitafuta mtu.
Kijiji kikatoka.
Sufuria, madebe, vifuniko, bati la choo,
mchungaji na kengele yake,
mwalimu Ogweno na karai,
Baba na kifuniko cha sufuria ya sherehe.
Nami nilipiga. Siwezi kukataa.

Okumbe aliketi ghalani, ametulia,
mikono juu ya magoti, akitutazama
kama mtu anayetazama wageni waliochelewa.
"Kumbe nanyi mnazisikia," alisema.
Kisha, kwa upole, kwa Baba:
"Minyororo itatutosha sote?"

Kifuniko kilibaki hewani.
Kote kijijini bati ziliendelea kulia,
ila kwetu.
Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la leso ya Mama,
na fundo lile lilichukua muda mrefu kufunguka,
kwa vidole vile, katika giza lile.

Asubuhi fahali walilima.