Hatua za Bibi Somoe

Kule Mkwaya, Bibi Somoe alijenga
hatua ishirini kutoka stesheni:
maandazi yalifika madirishani
yangali yanafuka.

Bandari ikahamia Mtwara, na treni nayo.
Bibi akang'oa milango, akaifuata.
Safari hii hatua mia tatu, kwenye mchanga,
na andazi likishapoa, bei nayo hulala.

Reli zenyewe zilipong'olewa
hakuuliza zinapelekwa wapi.
Aliomba kipande, urefu wa mkono.

Tulikitundika shuleni kwetu, Mtama.
Kilipogongwa asubuhi
yeye alikuwa mlangoni, amekwisha hesabu:
ishirini na mbili.
"Wahini," alisema, "hii haingoji mtu."

Mimi nilichelewa kila siku,
andazi mdomoni, la moto.