Kiti cha Dakika ya Nne

Wuppertal, dukani kwa Gernot, mvua ya Novemba.
Ubishi tangu asubuhi:
santuri ya zamani, au hii iliyosafishwa?

"Sikiliza besi," asema Heike, "sasa ina mifupa."
Gernot hasikii la mwadhini.
"Wamekifuta kiti!
Dakika ya nne kilikuwa kinalia, kwiii,
mzee Tietze akijinyoosha kuifikia swichi ya mbali.
Miaka arobaini nakingoja kiti kile."

"Kelele tu."
"Ni mtu."

Kahawa imepoa. Sindano inarudishwa mwanzo,
kwenye santuri mpya, safi kama sahani ya hotelini.
Dakika ya tatu, wote kimya.
Ya nne, Heike akahamisha uzito wa mwili
na ubao wa sakafu
chini ya kiatu chake ukalia.

Gernot akachukua kalamu,
akaandika bei.