Boga la Kimara Temboni

Jumapili ya mavuno, na sisi hatuna shamba.
Tuna ua mwembamba nyuma ya chemba,
na boga moja lililojiotea
kwa mbegu alizozitema Mzee Kolowa,
zile zilizomshinda meno,
usiku mmoja akisubiri umeme urudi.

Ukipenda boga, penda na ua lake.
Maua tuliyala mwezi wa tano,
tukayachanganya na majani, mwisho wa mwezi ukiwa mbali.

Wenzetu walipita Mabibo alfajiri,
wakanunua mikungu ya ndizi, wakaipeleka madhabahuni
kana kwamba wameamka nayo mgombani.
Siwacheki. Mshahara nao ni zao,
na mwaka huu mvua yake ilikuwa ya manyunyu.

Baada ya ibada, mnada.
Elinihaki, tai imelegea, jasho shingoni,
akalipakata boga langu kama mtoto wa ubatizo:
"Elfu nane! Nani ananipa kumi?"
Mtu wa viti vya nyuma akasema kumi na tano.
Sijui nini kilinipanda.
Nikasimama: ishirini!
Mume wangu akanivuta gauni:
"Unashindana na nani? Si boga lako hilo?"
Nikalilipia kwa hela ya luku.

Nyumbani makande yalikuwa yamelala kwenye maji tangu jana,
mahindi mapya ya Usangi, yaliyoshuka na basi
katika kiroba kilichoshonwa kwa uzi wa katani.
Juu yake, kwa wino mzito, mwandiko wa shangazi Naelijwa:
NUSU WAMEKULA NYANI. KULENI HAYO.
Nikayatia magadi kidogo, maharage, subira ya mkaa.
Boga nikalikata na ganda lake,
nikalimwagia tui zito la nazi,
jambo ambalo shangazi angeliita uasi.
Huku ndiko nilikoolewa, shangazi. Huku kuna nazi.

Mama Chilongani akaingia bila hodi
na bakuli la mlenda wa kukausha, wa kwao Kongwa,
unaovutika kama maneno ya mtaani.
"Mnasherehekea bila mboga ya kuteleza?"
Sefieli, miaka sita, akauliza chipsi ziko wapi.
Akaonja boga kwa ncha ya ulimi.
Akaonja tena.
Kisha akavuta sahani nzima upande wake
na kuizungushia mkono.

Mwanga ulikatika tukiwa tunajiongeza.
Haukuwa mgawo; majirani kwao kulikuwa kweupe.
Mume wangu hakusema neno,
ila nilisikia kijiko chake kikisimama,
kikafikiri,
kikarudi kwenye makande.

Mbegu nilikuwa nimezianika kwenye ungo, kibarazani.
Katika giza lile tukamsikia Mzee Kolowa
amekaa peke yake karibu na chemba,
anatafuna, anatema,
anatafuna, anatema.
Mama Chilongani akataka kumkemea.
Nikamshika mkono.